Bonge la Udongo

Saa saba mchana Hombolo hakuna kivuli cha kukopa.
Nilirusha droni hata hivyo, kwa kiherehere cha mgeni
aliyelipwa nusu na kuahidiwa nusu:
kibali mfukoni, betri tatu, shingo inaungua.
Ikalia kule juu kama nyuki aliyechokozwa,
kuku wakaingia uvunguni mwa mkokoteni,
na skrini yangu ikafurika mwanga
nisijue ninachokitazama.

Bati jipya la Ndahani
likavaa milia ya pundamilia.
Ndivyo kamera inavyopiga yowe
mahali weupe umekoma kuwa rangi
ukawa tundu.
Niliiona milia. Nikasema,
nitarekebisha nyumbani.

Nyumbani! Mbingu iliyoungua hairudi.
Nilivuta huku, nikasukuma kule,
wingu likabaki shuka lililozidishiwa jiki.
Nami, kwa hasira ya kufunika kosa,
nikaukoleza mzabibu hadi kijani cha chupa
na ardhi nikaipaka kama ya harusini.

Siku ya tatu nikampelekea Sechelela,
mwenye ekari mbili na magoti mabovu,
aliyewachangisha wenzake kumi na wawili
ili wanunuzi wa mbali waone.
Akaishika simu mbali na uso, kama barua ya deni.
Akatazama hadi mwisho. Akarudi mwanzo.
"Hapa ni wapi?"
"Ni hapa, mama. Shambani kwako."
"Udongo wangu hauko hivi. Hii ni Fanta.
Na kule nyuma umeotesha majani.
Mwezi wa tisa, majani?
Huu ukame tumeulipia, kijana.
Maji tumeyavuta kwa mpira, mita mia nne.
Ukiuficha, nani atajua zabibu hizi zimepita wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikaomba bonge.
Akalichimbua chini ya shina, kwa ncha ya jembe,
akalifunga kwenye gazeti
kama anayenifungia nyama.

Saa kumi na moja nikaanza upya.
Kamera nikaivika miwani ya giza,
kichujio kisichozidi ukucha wa dole gumba,
ili shata ifumbe taratibu
na jani likipepea lionekane linapepea.
Aiso nikaishusha hadi mia, nikaiacha hapo.
Mizani ya weupe nikaifunga kwa namba moja,
maana ukiiachia mashine ichague
hubadili kauli kila igeuzapo shingo,
huku bluu, huku manjano,
kama shahidi aliyehongwa na pande zote mbili.
Kisha nikapunguza mwanga, kidogo, tena kidogo,
hadi bati la Ndahani likavua milia yake.
Vivuli vikawa vizito. Nikaviacha.
Gizani mtu hupapasa akaokota kitu;
kwenye weupe uliokufa haokoti.

Jua likaja ubavuni.
Kila mstari wa mizabibu ukalaza kivuli chake
chini, kama mkeka.
Ng'ombe wakapanda kutoka bwawani,
vumbi lao likasimama hewani,
na nyuma ya shamba
miiba, mifupa ya vichaka, ardhi kavu
isiyoomba radhi.
Katikati, ndoo nyekundu ya Sechelela
ikitembea yenyewe, maana yeye alikuwa ameinama.
Niliruka chini chini, sikupumua.

Sasa ni usiku, chumbani kwangu Nkuhungu.
Bonge liko kando ya kompyuta, juu ya gazeti lake.
Nalitazama, natazama skrini.
Napunguza wekundu, naongeza hudhurungi.
Bado. Karibu. Nimepitiliza.
Halafu nakumbuka taa ya hapa ni ya manjano:
hata bonge lenyewe linanidanganya.
Nalipeleka dirishani; nje hakuna kitu.
Nalivunja kipande kwa kidole.
Ndani ni jeusi kidogo, na bado lina unyevu,
yale maji ya mita mia nne.

Hilo sijui nitaliwekaje kwenye picha.
Nimezima kompyuta.
Nangoja kuche.