Siku Saba Bila Maji

Machi, Riga. Theluji ya dirishani imechakaa
kama shuka la hospitali.
Natandaza gazeti mezani jikoni,
namlaza okidi ubavu,
nabinyabinya chungu cha plastiki mpaka anaachia.

Harufu ya kwanza ni ya kinamasi.
Mizizi niliyodhani imenona
yapondeka vidoleni, yavua ganda kama soksi,
zabaki nyuzi.

Miaka miwili nimemnywesha kila Jumapili,
na kila nikipita na birika, tone la ziada,
maskini, asije akaona kiu.

Mkasi nimeupitisha motoni. Nakata.
Nakata tena. Chini ya shina nakuta
kijisponji cha huko kitaluni, kadiri ya kizibo,
bado kimelowa, bado kimemkaba.
Alikuwa anazama, nami namwagia.

Mdalasini kwenye vidonda, ule ule wa keki.
Magome makavu ya msonobari,
vipande vya makaa, mianya ya hewa kupita.
Imebaki mizizi mitatu.
Mitatu si haba.
Sasa siku saba bila maji,
na birika nimelifungia kabatini, najijua.

Simu inawaka: Gatis, kutoka Dublin.
Siku zote ningemdaka: umekula? sweta umevaa?
kodi je, kikohozi, na yule binti?
Leo nasema, "Niko na okidi, mwanangu,"
basi.

Kimya kinakaa kidogo.
Mikono yangu ina vumbi la magome.
Kisha yeye mwenyewe, polepole:
"Mama, pale kazini..."