Kurina

Ofisi ya ushirika, Sikonge. Bati linalia kwa joto la Oktoba,
na kompyuta aliyoiacha Kalunde haina madirisha wala picha:
ni weusi tu, na kijistari cheupe kinachopepesa
kama mtu anayesubiri uanze wewe kusema.

Mwenyekiti amesimama nyuma yangu, ananukia nta na tumbaku.
"Hesabu zote zimo humo," anasema, "au hazimo.
Miaka sita ya asali. Yule mama aliziacha, au alikwenda nazo."
Mbele yetu faili moja, mizinga.tar.gz,
jepesi kuliko picha moja ya harusi ya mdogo wangu.

Miaka sita, vijiji kumi na kimoja, humu?
Anacheka kwa pua.

Namwambia: mama yangu, kule Ipole, akianika uyoga wa masika,
gunia zima linaingia kwenye kibuyu.
Ila uyoga ukirudi majini haurudi wote,
harufu ya msitu imeshabaki jamvini.
Hili halipotezi kitu. Palipoandikwa *kilo* mara elfu
limeandika mara moja, likaweka alama: rudia.
"Basi ni bahili."
"Ni wekevu," nasema.

Mrina asali hakurupuki na shoka.
Hugonga mzinga kwa kidole, akatega sikio.
Nami nagonga:

tar -tzf mizinga.tar.gz

(tar, si tari; hapa hapachezwi ngoma.)
t: nionyeshe tu, usitoe kitu bado.
Majina yanashuka: ipole, kitunda, tutuo, chabutwa, ngoywa,
mwezi kwa mwezi, mpaka kioo kinachoka kuyabeba.

Halafu nalitengea chumba chake.
Niliwahi kuona faili likifumuliwa sebuleni,
vitu mia nne vikamwagika juu ya kazi za watu,
na kila kilichofanana jina na mgeni kikamezwa.
mkdir asali. cd asali. Sasa vuta pumzi.

tar -xzf ../mizinga.tar.gz

x ni kutoa, z ni kulegeza kilichobanwa, f ni faili lenyewe,
na zile nukta mbili: rudi hatua moja nyuma, lipo pale.

Kimya.
Mashine ikienda sawa haisemi neno.
Mwenyekiti anadhani imekufa.
Kisha inasema, na ingekuwa heri ingenyamaza:
diski imejaa.

Tufute nini? Kuna fainali ya kombe la kata,
saa mbili nzima, yeye mwenyewe akikabidhi mbuzi.
"Ukifuta hapa," namwonya, "hakuna jalala la kwenda kufukua."
Anakuna shingo. Anatazama nje, kwenye madumu matupu.
"Futa."

Mara ya pili vimetoka vyote.
Na kila kimoja kimetoka na saa yake,
si saa ya leo: saa aliyokiandika Kalunde.
Saa tisa na dakika kumi usiku. Saa kumi kasoro robo.
Saa nane usiku, Jumapili.
Mwaka ule umeme ulikuwa unarudi watu wameshalala.
Mwaka ule mkutano ulisema karani ni mvivu,
mchana anasinzia juu ya daftari,
wakamkata posho ya miezi mitatu. Nilikuwepo.
Nilinyoosha mkono pamoja na wengine.

Nafungua chabutwa.
Mstari wa kumi na saba: madumu manne, yametolewa ghalani,
jina la mchukuaji, na pale pa malipo
pametupu, ila nukta moja, kama mtu aliyegusa kitufe akasita.

Mwenyekiti amesoma. Najua kwa sababu ile harufu ya tumbaku
imerudi nyuma hatua moja.

"Unaweza kuvifunga tena?"

Naweza. Ni herufi moja tu, c mahali pa x.
Lakini lile la mwanzo lipo palepale, halijapungua hata tone;
ni mzinga unaorinwa ukabaki umejaa.
Wala halina nywila. Kalunde hakulifungia mtu.
Alililaza wazi, kwa yeyote atakayejua kuuliza.

Simjibu bado.
Kijistari kinapepesa.