Toleo la Tatu

Mmefika asubuhi katika boksi la kahawia,
bodi thelathini, kila moja kadiri ya kiganja,
na theluji ya Tartu ingali imenata kwenye gundi.
Mwafanana kama shilingi kwa ya pili.
Kiwanda kimeandika: hakuna kilichobadilika.

Nimekuwasha wewe wa kwanza.
Taa nyekundu, kisha kijani, kisha kimya.
Mtandao hakuna.
Nimekuuliza jina, ukanitajia la nduguyo.

Sikulaumu.
Kompyuta kubwa ya mezani huulizwa ikajibu,
ikavihesabu viungo vyake kimoja kimoja.
Wewe hujui hata pini yako ya saba imeshika nini
mpaka mtu akuandikie:
hapa pana saa, hapa pana kumbukumbu,
mlango wa mtandao uko anwani hii,
uamshe, kisha ungoje milisekunde kumi.
Maandishi hayo twayaita mti.
Kiini cha Linux huusoma gizani, kabla ya yote,
na usiyoandikwa humo hunayo.

Shina la mti wako aliliandika Ülo Karask,
aliyekalia kiti hiki kabla yangu
na kuacha makombo ya mkate mweusi kwenye kibodi.
Hakuwa mtu wa maelezo, ila alipokasirika.
Mstari wa mia na kumi, penye ile kumi, bado unasema:
USIGUSE. NIMEJARIBU.

Nikachukua lenzi.
Saa nzima nakutazama, na nduguyo kando yako,
shingo ikiuma, chai ikipoa,
mpaka nikaiona: chipu ya mtandao si ile,
ina herufi nyingine mgongoni,
ya bei nafuu, ya mwaka ule chipu zilipoadimika.
Na pembeni yake rezista, ndogo kuliko yai la chawa,
mahali ambapo nduguyo pako wazi.
Kuna mtu huko kiwandani, simjui,
aliyekuchanja chale usipotee,
asimwambie yeyote.

Sikukuandikia mti mpya.
Nilianza: chukua yote ya nduguyo.
Kisha: ila.
Mistari sita.

Kiraka cha kwanza kilirudi kutoka Poznań.
Ignacy, mlinzi wa lango letu, hana salamu:
jina hili halimo katika kamusi ya vifaa.
Cha pili: nafasi nane si tabo.
Cha tatu akakiacha, akageukia jingine:
toleo la kwanza, je, lina mtu?
Kama halina, tulifute, mzigo upungue.

Tuliuza kumi na moja tu.
Nikapekua stakabadhi, nikapiga simu Hiiumaa.
Heino alikuwa anakula.
Ile bodi? Ngoja.
Nikasikia buti, mlango, upepo,
ng'ombe mmoja akilalamika kwa kituo,
na Heino akipangusa kitu kwa pumzi.
Ina manyoya ya paka, akasema, lakini taa inapepesa.
Majira ya baridi ya sita haya, na tangi halijachacha.
Kwani kuna nini?
Nikasema hakuna.

Nikamwandikia Ignacy: lipo. Moja. Linalinda maziwa.
Siku mbili hakujibu.
Siku ya tatu likaja neno moja, limepokelewa,
kwa kiraka cha nne;
la kufuta hakulitaja tena.

Sasa nakuwasha.
Nyekundu. Kijani.
Mlango wako una usingizi mzito kuliko wa nduguyo,
haya, nangoja, hamsini si nyingi,
na herufi zinamiminika kwenye kioo
na katikati yake, bila kigugumizi,
unajitaja: toleo la tatu.

Wamebaki ishirini na tisa bokseni.
Mstari wa Ülo sikuugusa.
Katika faili lako, penye hamsini, nimeandika chini yake:
kwa huyu kumi hazitoshi.
Nami nimejaribu.