Mkalimani, Chumba cha Tatu

Karani alipoita, "Msaidie!"
watu watatu waligeuka
wakidhani kuna aliyeanguka.
Kumbe ni jina. Saidi Msaidie,
mzaliwa wa Moroni, fundi wa majokofu Kibokoni,
suruali imenyooshwa kwa pasi,
pasi pekee aliyokuwa nayo.

Kazi yangu mimi ni kusimama katikati,
nikope maneno huku, nilipe kule,
nisibaki na hata senti.

Barua ya Uhamiaji ikasomwa. Mistari miwili.
Ombi la kukaa nchini na mkewe limekataliwa
kwa sababu ya...
na hapo nikakwama.
Kiingereza kina neno moja, limevaa tai.
Mimi nina droo nzima:
tabia, ambayo mama ndiye hulaumiwa;
mwenendo, ambao majirani huuhesabu kutoka dirishani;
hulka, ambayo mtu huzikwa nayo;
silka, hata paka wa Marikiti anayo.
Jaji akanitazama juu ya miwani.
Nikasema: tabia.
Nikaiona shingo ya Msaidie ikizama mabegani.

Kosa lenyewe? Alikuwa na miaka kumi na tisa,
madumu mawili ya dizeli, miezi minne ndani.
Sasa ana arubaini na tatu.
Mwaka jana alilifufua jokofu la chanjo zahanati,
usiku, umeme ukija na kupotea,
akakataa malipo, akanywa chai tu.
Lakini hilo halimo kwenye faili,
na kisichomo kwenye faili
hakina mdomo.

Benchi la nyuma, Mwanarusi Shee, mkewe,
mkoba mapajani, mna barua kumi na moja
za kumsifu mume:
imamu, mwenye nyumba, mwalimu wa chuo,
hata Mama Kadzo wa viazi karai,
aliyetia dole gumba
na doa la ukwaju.

Jaji akasema, nami nikasema baada yake:
Mahakama hii haikuketi kumpima mtu.
Imeketi kuupima mkono uliompima.
Je, aliitwa? Alisikizwa? Alipewa sababu?

Mkoba ukafungwa zipu. Chumba kizima kiliisikia.

Wakili Mnyazi akainuka taratibu
kama abebaye uji wa moto:
Hawakumwita, mheshimiwa. Hata siku moja.
Wakili wa serikali akafunua karatasi,
akafunua nyingine,
ya tatu ilikuwa nyeupe.
Feni ikaendelea kuzungusha joto.

Hukumu ilitoka baada ya wiki sita.
Uamuzi umetenguliwa. Faili irudi meza ile ile,
ombi lipimwe upya, kwa haki, ndani ya siku thelathini.
Meza ile ile.
Nililitamka hilo kwa sauti ile ile
niliyotamkia "umetenguliwa".

Kwenye ngazi, nje, jua la saa saba,
Msaidie amesimama kando akikunja nakala yake
mara nne, mara nane,
Mwanarusi akanishika mkono wa shati.
"Wewe mwenye ndimi mbili,
hebu niambie kwa mmoja. Ameshinda?"

Nikaipekua droo yangu mpaka chini kwenye vumbi.

"Ameshinda," nikamwambia.

Akanitazama kitambo.
"Wapi?"