Turubai la Kijani

Jumapili hiyo hakuwa na visima vya kupima,
akaniambia: Cikwanine, nipeleke mahali pa juu.
Bi Nazeli, wa kutoka Armenia,
ambako, anasema, monasteri zimeng'ang'ania majabali
miaka elfu na zaidi,
hata moshi wa mishumaa umegeuka rangi ya ukuta.
Kifaransa chake na changu vilikutana njiani,
vyote viwili vikichechemea.

Nikawasha pikipiki. Tukapita Kadutu,
sambaza ziking'aa kwenye mabeseni,
tope jekundu likatupaka hadi magotini,
kisha mikalitusi, kisha baridi,
kisha lango la mbao na kamba ya kengele.

"Ina umri gani?" akauliza, kiganja ukutani.
Sista Nsimire akacheka:
"Matofali haya aliyabeba bibi yangu akiwa msichana,
mawili mawili kichwani, akilipwa chumvi."
Bi Nazeli akaitikia kwa adabu,
kama mtu aliyeonyeshwa mtoto wa jirani
na kuambiwa, mwamkie, huyu ni mzee.
Kisha akainama. Tofali moja
lilikuwa na alama ya kidole gumba,
kilichozama kabla ya tanuri na hakikutoka.
Akaweka chake humo. Kilienea.
Hakuuliza tena habari za miaka.

Kengele ina ufa tangu tetemeko;
inalia kama sufuria iliyoanguka jikoni
usiku, watu wamelala.
Nyuma, masista wanaoka hostia.
Vipande vinavyobaki miduara ikishakatwa
huteremshwa mjini kwa kikapu.
Nimevila sana utotoni, mfuko wa kaptula umejaa,
bila kujua vinatoka wapi:
si mwili wa mtu yeyote bado,
unga na maji tu, na njaa ya saa kumi.

Nyuma ya kanisa kuna ukuta mfupi, halafu hakuna kitu.
Chini kabisa, Bukavu imetumbukiza vidole vyake ziwani
kama mama anayepima joto
la maji ya kuogea mtoto.
Idjwi ilikuwa ukungu ndani ya ukungu.
Bi Nazeli akapiga picha, akapiga, akapiga.

Mimi nilikuwa natafuta paa langu.

Miaka thelathini na minne chini ya kilima hiki,
sikuwahi kupanda kutazama ninapokaa.
Mabati yote ni kutu, yote yamebanana,
mpaka Sista akafuata kidole changu:
"Lile lenye turubai la kijani,
na tairi juu yake lisipeperuke?"
Ndilo.
"Kumbe ni lako."
Akakaa juu ya ukuta, akakunja mikono ndani ya kanzu.
"Alfajiri kila mmoja wetu huchagua paa la kuliombea.
Mimi nilichukua lile. Macho yangu mabovu,
ile kijani hainipotei.
Kuna mwaka taa iliwaka usiku kucha, siku tatu,
watu wamekaa nje, moto uani.
Sikujua niombe nini. Nikaomba hivyo hivyo."

Ulikuwa msiba wa baba, nikasema.
"Jina lake?"
Mugisho.
Akalitamka mara moja, polepole,
kama anayeweka sahani kabatini.

Tuliteremka nimezima injini, kubana mafuta.
Mgongoni Bi Nazeli akauliza
tulikuwa tunazungumza nini kwa lugha yetu.
Nikamwambia: mabati.

Nabintu wangu amenunua bati jipya, la geji nzuri.
Wiki ya tatu sasa limeegemea ukutani,
na mvua ya usiku inahesabu ndani ya beseni,
to, to, to, kando ya kitanda.
Ananiuliza, fundi unamngojea nini?
Nasema misumari imepanda bei.
Nasema kesho.
Halafu naamka kabla ya jogoo, natoka uani,
nalivuta turubai pembeni likae sawa,
narudisha tairi mahali pake.