Shamba la Pembe Tatu

Mvua ya Galicia haina haraka. Ilitukuta mlimani,
mimi na kamba yangu, vigingi vitano, na ndugu wawili
ambao hawajasemezana tangu mazishi.
Mzee Olegario aliacha ng'ombe (wameshauzwa),
saa ya ukutani (imesimama),
shamba hili lenye pembe tatu,
na karatasi yenye maneno mawili: Gawaneni sawa.

Sawa! Neno lenye mifuko mingi kuliko koti langu.

Nilianza chini, kando ya kijito: mita themanini na nne.
Ukuta wa mashariki, sabini na nane.
Wa magharibi, tisini.
Hakuna upande uliomwiga mwenzake.
Eladio akanung'unika: kwa nini babu hakununua shamba la kistaarabu,
lile ambalo pande zote tatu ni tumbo moja?
Au hata pembetatu pacha, miguu miwili sawa,
ukaikata katikati kama mkate, kwisha maneno?
Nikamjibu: babu yenu alinunua alichouziwa.

Sabela kimya. Alishika mwavuli uliokataa kufunguka.

Nikagawa kitako: arobaini na mbili huku, arobaini na mbili kule.
Nikapiga kigingi, nikavuta kamba hadi juu kabisa,
kwenye jiwe la granaiti lililoota kuvu.
Sabini na tatu, kasoro unywele.

Wakatazama. Wakakasirika wote wawili.
Kipande cha Sabela kimesimama, pembe zote kali.
Cha Eladio kimejilaza, pembe moja butu,
kama ng'ombe aliyegoma kuinuka.
"Hii ndiyo sawa?"

Nikachuchumaa, nikachora matopeni kwa kidole.
Kamba ni yenu wote. Vitako ni sawa.
Pande mbili kwa pande mbili, hamjapunjana.
Lakini hapa kwenye kigingi, zinapokutana,
huyu amefungua nyuzi themanini na nusu,
yule tisini na tisa na nusu.
Ni mkasi: makali ni yale yale,
ukiupanua zaidi, ncha zinaachana zaidi.
Kwa hiyo havilingani;
huwezi kukibeba kimoja ukakifunika kingine.
Wala havifanani;
kimoja si mwenzake aliyekuzwa
kama picha ya harusi iliyorudishwa studio.

"Basi umetuibia," akasema Eladio.

Kimo, nikasema. Kimo!
Kutoka jiwe lile kushuka wima hadi usawa wa kijito:
sabini na mbili, na ni kimo cha wote.
Viazi havijali umbo, vinajali udongo.
Mita za mraba elfu moja mia tano kumi na mbili zake.
Elfu moja mia tano kumi na mbili zako.

Eladio akaenda kuukanyaga ukuta wake, buti kwa buti,
akarudi anahema: "Nimemzidi mita kumi na mbili!"
"Za ukuta ulioanguka," akasema Sabela,
na hilo ndilo neno lake la kwanza kwake tangu Novemba.

Nilikuwa naviringa kamba aliponiuliza:
"Na lile jiwe la juu, ni la nani?"
Nikamweleza kwamba kipeo ni nukta,
na nukta haina upana, haina eneo,
daftari langu halina safu yake.

"Baba alikuwa akila mkate wake pale."

"Na kisu," akasema Eladio, "akikisahau kila mara."