Kwa Mama Yaledi, Aliyenunua Televisheni

Uliniuliza dirishani, noti umeikunja kwenye pindo la kitenge:
"Wewe unayewajazia watu filamu tangu Nkuhungu ikiwa mashamba,
mimi nitazame nini?"
Nikakujibu ovyo, foleni ilikuwa ndefu.
Sasa nimefunga duka, nakuandikia vizuri.
Nyemo atakusomea. Mwambie asiruke mistari.

Kwanza, majina siyakumbuki, nisamehe.
Miaka kumi na moja nauza filamu kwa kuzisimulia:
ile ya ndugu wawili wenye suti moja,
ile ya daktari anayeogopa paka.
Nyemo aandike hivyo hivyo kwenye kisanduku cha kutafutia,
mtandao umezoea watu kama sisi.

Anza na ya ndugu wawili.
Mmoja anaoa Jumamosi, mwenzake ana kesi Jumamosi hiyo hiyo,
suti inapitishwa madirishani, inapanda pikipiki,
mara ina damu ya kuku.
Utacheka. Halafu, dakika ya themanini hivi,
kuna mama anashona kifungo, hasemi kitu,
na kicheko kitakukwama kooni
kama mwiba wa perege wa Hombolo.

Ya pili ni makala. Usilikimbie neno,
si taarifa ya habari.
Ni bibi wa nchi ya theluji, sijui wapi huko,
ana kondoo sitini na kila mmoja anamwita kwa jina lake,
na kamera imekaa pembeni kama mgeni mwenye adabu.
Hakuna anayekimbizwa. Hakuna bunduki.
Ukisikia mvumo usidhani televisheni imeharibika,
ni upepo, mkavu, wa kupasua midomo,
binamu wa huu wetu unaoshuka Mlimwa mwezi wa saba.

Ile ya ukame, yenye msimuliaji wa sauti nzito
na ng'ombe anayeanguka polepole huku kinanda kinalia,
hiyo usiichomee bando.
Hiyo tuliigiza sisi, mwaka ule wa kula mbegu,
na hatukulipwa.

Tamthilia ipo ya waoka mikate, sehemu arobaini na mbili.
Usiianze siku ya kazi. Mwalimu Mbeleje aliianza Alhamisi,
Ijumaa akamwita mkuu wa shule Fernando.
Kuanzia ya thelathini naona mwandishi alichoka,
watu wanapoteza kumbukumbu kama wanaopoteza funguo.
Ishia ya ishirini na tisa,
mwisho jitungie mwenyewe.

Kiduara kikizunguka, usiipige televisheni.
Punguza ubora wa picha. Nyuso zitaingia ukungu
lakini machozi yataonekana tu.
Na umeme ukikatika, usinipigie usiku kuuliza nani alikufa.
Au nipigie.

Kuna moja zaidi. Nilisita.
Haimo mtandaoni, imo kwenye flashi nyekundu
niliyoifunga ndani ya karatasi hii.
Ule msimu mizabibu yako ya Mpunguzi ilizaa hadi ikainama,
nilikuwa najifunza kamera, nikapiga chochote:
mbwa, ndoo, viatu vya wavunaji.
Dakika ya nne Mzee Mlewa anapita na kreti mbili,
anasimama, ananiuliza kama kitu hiki kinachukua na sauti.
Namwambia ndiyo.
Basi hasemi tena neno.
Anatua kreti, anafunga kifungo cha juu cha shati,
anasimama wima, mikono ubavuni,
dakika nzima.

Alikuwa anasubiri nimwambie tayari.
Mimi sikujua kama anasubiri.

Hiyo sikusifii, wala sikushauri.
Itazame mchana, mlango ukiwa wazi, au iache.
Tundu la flashi liko nyuma, upande wa kushoto,
ichomeke taratibu, usilazimishe.
Ila anza na ya ndugu wawili,
kama nilivyosema.